Muhtasari wa Kikao, Ajenda ya Nne

Wajumbe kumi na tisa. Wawili kwa udhuru.
Feni moja, inazunguka kwa hisani.
Dirishani milima ya Masasi imekaa,
mawe matupu, hayana la kuchangia.

Ajenda ya nne: makubaliano ya huduma za pamoja,
sisi wa Mji, wenzetu wa Nanyumbu,
wenzetu wa Nachingwea.
Kurasa kumi na nne. Mwanasheria Ngalipa
amezibana pini mwenyewe, usiku, kwake.
Akasimama, akasoma:
"Katika mkataba huu, Gari maana yake
ni gari la kunyonya majitaka, moja,
lita elfu kumi, pamoja na mipira yake."
Mtu akacheka. Nikaandika: kikao kilitulia.

Gari, hakuna aliyelikataa.
Mheshimiwa Nandonde alilitaka Jumatatu,
kabla halijachafuka.
Mheshimiwa Somoe Chilumba akauliza:
likikwama kwenye tope la Lumesule
tairi ni la nani, dizeli ni ya nani,
na dereva akishikwa na homa ng'ambo
atalazwa kwa fungu la halmashauri ipi?
Mwanasheria akafungua kifungu cha saba.
Cha saba kikatupeleka cha tatu.
Cha tatu kikaturudisha nyumbani.

Kisha likaja bwawa.
Maana kinachonyonywa lazima kimwagwe,
na pale rasimu ilikuwa na vidoti tu:
"Bwawa litajengwa katika ............"
Hapo ndipo nilipoisikia feni.

Nanyumbu wamesema kwa barua: ardhi yetu ni ya ufuta.
Nachingwea wamesema kwa barua: sisi ni mkoa mwingine.
Sisi tulisema bado hatujasema.
"Kunya anye kuku," alianza Mheshimiwa Likwata,
Mwenyekiti akamkata: lugha, Mheshimiwa, lugha.
Methali ikabaki kichwa bila mkia.
Kila mtu aliumalizia kimoyomoyo,
na kila mtu alimjua bata:
ni yule wa jirani.

Akaitwa dereva, atoe maelezo ya kitaalamu.
Athumani Nahonyo. Alisimama karibu na mlango,
amenawa hadi viwiko vimepauka.
Je, gari hili limewahi kuvuka mpaka?
"Mara nyingi."
Kwa mkataba gani?
"Walipiga simu.
Mwezi wa pili, mvua, shule ya bweni, wasichana,
vyoo vimefurika hadi mlangoni wanapolala.
Matroni analia kwenye simu,
nami nina nusu tangi.
Mpaka wenyewe sikuuona. Kulikuwa na kibao
kimelala majini, nikakipita kwa pembeni
nisije nikakivunja."
Na ulimwaga wapi?
Akatazama viatu vyake.
"Palepale tunapomwaga sote."

Hakuna aliyeuliza ni wapi.
Miaka kumi na mmoja naandika vikao,
sijapata kuona kimya
kinachoijua njia namna ile.

Mwenyekiti akanigeukia: hilo, mwandishi, lisiingie.
Azimio: rasimu iboreshwe, irudi robo ijayo.
Ikaja chai, na korosho za kukaanga,
na hesabu za posho, zilizokubaliwa na pande zote
bila kifungu hata kimoja.

Jioni nikabaki na kompyuta.
Nilifuta maneno ya Nahonyo kama nilivyoagizwa,
nikarekebisha "mjumbe" kuwa "wajumbe",
nikafika kwenye vidoti.
Mama yangu anakaa kule bondeni, kijito kinapopinda.
Siku hizi maji huyachuja kwa kanga, mara mbili,
akiniuliza kwenye simu nini kimeyaingia,
wewe si unafanya kazi serikalini?

Nilivihesabu vile vidoti. Kumi na viwili.
Nikalihesabu na jina la kijiji chake,
herufi kwa herufi, kwa kidole, juu ya kioo.
Nikarudia, labda nimekosea.

Linaenea.